Shauri Tulilolitoa kwa Haraka

Mwaka jana, baada ya Sala ya Magharibi, mzee mmoja wa mtaa wetu wa Ng'ambo alitujia kutaka shauri. Binti yake alikuwa amemaliza Kidato cha Pili, na ilimpasa achague: aendelee na Fizikia na Kemia, au ashike masomo ya sanaa. Sisi wa kamati ya msikiti tulimjibu kwa wepesi usiostahili. Tulisema Fizikia ni ngumu, na kwamba sanaa humfikisha mtoto wa kike kwenye ajira upesi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza binti mwenyewe anasemaje.

Shauri lile lilikuwa baya, nasi tuna wajibu wa kulisema hilo hadharani kama tulivyolitoa hadharani.

Binti huyo tulimfahamu tangu madrasa. Kalenda za sala zinazopigwa kwa saa za Dar es Salaam hatuwezi kuzifuata hapa bila kuongeza dakika 26 hivi, maana Tabora iko magharibi yake kwa nyuzi zipatazo sita na nusu, na dunia huchukua dakika nne kuzunguka nyuzi moja. Hilo mwanafunzi wa Jiografia hulijua. Yeye alikwenda mbele zaidi, akamuuliza ustadhi: mbona alfajiri kuna nuru ilhali jua bado liko chini ya upeo wa macho? Jibu lake ni la Fizikia. Hewa ya juu hupigwa na miale kabla yetu, ikaitawanya hadi huku chini. Ustadhi hakuwa na jibu, wala sisi hatukuwa nalo. Huyo ndiye tuliyemshauri aliache somo linalojibu swali lake.

Maswali ya anga si mageni kwa wanawake wa umma wetu. Ibn al-Nadim, katika kitabu chake cha karne ya 10, anamtaja al-Ijliyya, mwanamke fundi wa asturlabi, chombo cha kupimia kimo cha jua na nyota, aliyekuwa katika utumishi wa Sayf al-Dawla, mtawala wa Halab. Wala hatuna haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Mwaka 2013 Dk. Najat Mohammed wa Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na mwenzake Mohamed Mazunga, walichapisha vipimo vya mionzi ya asili katika udongo na maji ya kijiji cha Likuyu, jirani na hazina ya urani ya Mkuju. Vipimo vya namna hiyo vikitangulia mgodi, wanakijiji huwa na cha kulinganishia siku za baadaye. Hiyo ni Fizikia inayoingia kisimani mwa watu.

Hata hivyo, wanawake wa namna hii ni wachache duniani kote. Tangu mwaka 1901 hadi 2024, waliopata Tuzo ya Nobel ya Fizikia ni watano tu. Wanafizikia walikutana Paris mwaka 2002 katika mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu jambo hili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kiliweka mafunzo ya awali kwa wasichana waliofaulu Kidato cha Sita, lakini alama zao zikapungukia ushindani wa kuingia Kitivo cha Sayansi: walifundishwa, wakapewa mtihani, na waliofuzu wakapokelewa. Tangu 2022 upo pia Ufadhili wa Samia, kwa wanaofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi.

Yote haya ni mema, lakini humngoja binti mwishoni mwa Kidato cha Sita. Aliyeachishwa Fizikia baada ya Kidato cha Pili hafiki huko. Lango lake hufungwa akiwa na miaka kama 15, nyumbani, na wazazi wanaomtakia heri, na washauri kama sisi. Tena hufungwa kidogo kidogo: jioni kaka yake yuko tuisheni, yeye yuko jikoni akichambua mchicha, na maswali ya Fizikia hayafanyiki kwa mkono mmoja.

Kamati imekubali chumba cha madrasa kiachwe wazi na taa iwashwe kwa wasichana hadi Isha, siku tatu kwa wiki. Haikupita bila ubishi. Mzee mmoja alihoji, kwa haki kabisa, nani atawarudisha nyumbani gizani. Akina mama wamejipangia zamu. Mwalimu wa Fizikia amepatikana kwa siku mbili, ya tatu bado tunaitafutia mtu.

Mzee yule tulimwendea kwake kumtaka radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akamwita binti aje aseme mwenyewe. Binti yuko Kidato cha Tatu, sanaa. Alisema anataka kurudi. Baba amekwenda shuleni mara mbili kumwombea, na wiki ijayo katibu wa kamati atafuatana naye.