Ndono, Uta Unaosimulia

Katika ala za muziki ambazo wenyeji wa Usukuma na Unyamwezi wamezirithi kwa wazee wao, ndono ni miongoni mwa zile zenye vipande vichache kabisa na sauti ya unyenyekevu kabisa. Nayo ni uta wa mti uliofungwa waya mmoja, ukatiwa kibuyu kikavu kilichotobolewa kinywa, ukapigwa kwa kijiti chembamba na mtu aimbaye peke yake. Msafiri apitaye Shinyanga hata Geita, akasikia habari za mashindano ya ngoma ya vyama vya Bagalu na Bagika, ambayo baada ya mavuno hukusanya umati mkubwa, manju wawili wakigombea watu hao hao mpaka upande mmoja ukimbiwe na watazamaji wake, hawezi kudhani kwamba nchi hiyo hiyo ya makelele mema imezaa pia ala isiyofaidiwa ila na wachache walioketi karibu.

Udogo huo wa sauti aghalabu huhesabiwa kuwa ni kasoro, nami naona kuwa ndio fadhila yake kuu, kwa sababu ndono haikuumbwa kuchezesha watu bali kufuatana na kisa; na ili kubainisha jambo hili yatupasa kuingia kidogo katika elimu ya sauti.

Waya uliokazwa ukipigwa hautikisiki kwa namna moja tu. Mzima wake hutikisika ukatoa sauti ya msingi, na papo hapo nusu zake, theluthi zake na robo zake hutikisika pia, kila moja ikatoa sauti yake ya juu. Kwa mfano, kama sauti ya msingi ni ya mitikisiko 110 kwa sekunde, juu yake huwapo ya 220, ya 330, ya 440, na kuendelea, ingawa sikio lisilozoea huzisikia zote kuwa ni sauti moja. Lakini waya ni mwembamba mno, nao huikata hewa pasipo kuisukuma, hivyo ukiachwa peke yake hausikiki ila na mpigaji mwenyewe. Hapo ndipo kibuyu kinapopata kazi. Hewa iliyofungwa katika chombo chenye kinywa chembamba ina sauti yake maalumu, ambayo hutegemea ukubwa wa chombo na upana wa kinywa. Mtaalamu wa Kijerumani Hermann von Helmholtz alilieleza jambo hilo kwa tafsili katika kitabu chake cha mwaka 1863, akitumia vyombo vya mviringo alivyovitengeneza makusudi kuzichagua sauti moja moja. Mpiga ndono, ambaye hakuwa na haja ya kitabu hicho, hukiweka kinywa cha kibuyu kifuani pake: akikibana, tundu huzibika na sauti ya hewa iliyomo hushuka, akikiachanisha na mwili, hupanda, na kila inapobadilika huikuza sauti fulani katika zile za juu za waya na kuziacha nyingine zififie.

Sasa msomaji na atie “u” kinywani mwake, kisha “o”, kisha “a”, pasipo kubadili kimo cha sauti ya koo. Kilichobadilika ni umbo na uwazi wa kinywa tu, na sauti za juu zilizochaguliwa humo. Irabu zetu hufanywa kwa kanuni ile ile inayotumika baina ya kibuyu na kifua, na ndiyo sababu ndono husikika kana kwamba inakaribia kusema. Fauka ya hayo, ziko nyuta nyingine barani Afrika, zenye umri mkubwa sana, ambazo mpigaji huushika uzi au mti kwa midomo, kinywa chake kikawa ndicho chumba cha sauti. Ni ala za ajabu, ila mwenye kuzipiga hana budi kunyamaza. Aliyetoa kazi hiyo kinywani na kuikabidhi kibuyu aliuacha ulimi wake huru kwa maneno, na katika historia ya usimulizi wa kuimba sijui uvumbuzi uliogharimu kidogo ukaleta faida kubwa kama huo. Watumwa waliovushwa bahari kutoka Angola na Kongo walikwenda na elimu hii hata Brazili, ambako uta wa kibuyu, kwa jina la berimbau, hupigwa mpaka leo.

Haja ya kupunguza ala ili kisa kisikike haikuishia kwenye kibuyu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na mitambo ya kunasa nyimbo za Kiafrika, alimkuta katika mji wa Jadotville huko Kongo, ambao sasa ni Likasi, kijana Mwenda Jean Bosco, akamrekodi akiimba na gitaa kavu peke yake, bila ngoma wala mwitikiaji. Na santuri zake zikapendwa hata Nairobi. Miaka 30 baadaye Bruce Springsteen wa Marekani, mtunzi wa muziki wa roki aliyekwisha kujaza kumbi kubwa kwa bendi yake, aliketi nyumbani kwake na gitaa na kinanda cha mdomo, akaimba visa vya wauaji na wakosa kazi mbele ya mashine ndogo ya kaseti. Akajaribu kuzirudia nyimbo hizo pamoja na bendi, lakini mwishowe kilichotolewa mwaka 1982 kwa jina la Nebraska kilikuwa ni kaseti ile ile ya nyumbani. Kwa hukumu yangu alifanya insafu, maana kisa cha mtu mpweke hakistahimili kelele nyingi.

Kelele ndiyo hasimu wa ndono katika nchi ya dhahabu. Tangu mgodi mkubwa wa Geita uanze kazi mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu huko Kahama mwaka 2001, na kwa wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Rwamgasa wanaoshuka maduarani, yaani mashimoni mwao, na kuyasagisha mawe yao kwa makarasha, mchana umejaa ngurumo za injini, na usiku vipaza sauti vya vilabu hushika zamu. Ngoma yaweza kushindana na hayo. Uta wa waya mmoja hauwezi. Kibuyu hakijakosekana mashambani, wala waya haujaadimika, maana hata kebo kuukuu ya breki ya baiskeli yafaa. Kilichoadimika ni baraza tulivu.

Kwa hiyo wewe uliye na babu ajuaye kuipiga, mwendee alfajiri kabla makarasha hayajawashwa, uweke simu yako karibu na kinywa cha kibuyu wala si mbele ya midomo yake, umwache amalize kisa chake chote bila kumkatiza, na tafadhali usije ukampelekea fundi wa studio akakitilie ngoma za kompyuta.