Mshumaa wa Nyumbani Buzwagi, Kahama: Hesabu Saa, Usihesabu Mishumaa

Duka la mangi huuza mishumaa kwa idadi: mmoja, miwili, pakiti. Hapo ndipo mnunuzi anapopigwa, maana pakiti mbili zenye idadi sawa zaweza kupishana uzito. Omba mzani. Mshumaa wa kawaida hula nta kama gramu 7 kwa saa, kwa hiyo wa gramu 50 utakuangazia saa saba hivi.

Sasa tutengeneze wetu. Kilo moja ya nta, tukisahau inayobaki sufuriani, hutoa mishumaa 20 ya gramu 50. Tuseme, kwa mfano tu, umeinunua kwa shilingi 12,000: kila mshumaa umekula shilingi 600, karibu 86 kwa saa, na hujagusa utambi wala mkaa. Linganisha na ule wa dukani kwa hesabu hiyohiyo. Ukinunua nta ya parafini rejareja, iliyokwisha kulipiwa nauli mpaka Kahama, mara nyingi kiwanda kitakushinda. Chenyewe hununua kwa tani.

Nta ya nyuki ni habari nyingine. Tabora, nchi ya miombo na mizinga ya magome, ni jirani, na kuna warina asali wanaokamua asali na kutupa masega. Omba masega hayo kabla hayajatupwa. Yafunge kwenye gunia safi, yachemshe majini, chuja, acha yapoe. Nta itaganda juu kama sahani ya njano. Gharama yako hapo ni kuni na jasho, na mshumaa unanukia bila kutiwa manukato. Kalamu za rangi za watoto usiziyeyushe humo kutafuta urembo: rangi yake huziba utambi.

Kalibu usinunue. Kipande cha bomba la maji au kopo la maziwa kinatosha. Ila usibane matumizi kwenye utambi. Uwe wa pamba, na kwa nta ya nyuki uwe mnene kidogo kuliko wa parafini; mwembamba huzama, mnene kupita kiasi hutoa moshi. Wangu wa kwanza ulizama kabla wali haujaiva.

Kama shida yako ni giza la umeme kukatika, nunua taa ya sola. Balbu ya LED ya wati moja hushinda mishumaa mitano kwa mwanga. Mshumaa wa mkono ni wa zawadi, wa kanisani, wa meza ya harusi. Mgodi wa Buzwagi ulisimamisha uzalishaji mwaka 2021, na anayetafuta kazi ya mikono tangu hapo auzie wateja wa namna hiyo, kwa bei ya kazi yake.

Nta iyeyushie kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya jiko moja kwa moja. Ikishika moto, funika kwa mfuniko. Maji usimwage.