Usikate lebo ya nguo ya mtoto kabla ya kuisoma

MARA ngapi umenunua nguo ya mtoto ya kulalia sokoni, ukafika nyumbani na kuchukua wembe, ukakata kile kitambaa kidogo kilichoshonwa shingoni kwa sababu kinamkwaruza? Wengi wetu hufanya hivyo. Kumbe huenda umetupa onyo kuhusu moto.

Katika soko la Chepkube mjini Bungoma, na kandokando ya barabara za Kitale, nguo hizi humwagwa kutoka kwenye marobota ya mitumba na akina mama huinama kuchagua. Macho hutafuta rangi, zipu nzima na bei. Lebo hutazamwa tu na yule anayetafuta jina la kampuni kubwa.

Lebo hiyo si pambo. Mwaka wa 1958 Marekani ilipitisha sheria inayomlazimisha mtengenezaji kutaja aina ya nyuzi na asilimia ya kila moja, pamoja na jina lake au namba yake ya usajili. Zile herufi RN zinazofuatwa na tarakimu ndizo namba hiyo. Kuanzia 1972 maelezo ya kufua nayo yakawa ya lazima. Hata shati linaloshonwa Athi River kwa soko la huko hubeba maelezo hayo, na si ajabu likarudi Kitale likiwa mtumba.

Lakini kwa mzazi, jambo kubwa ni moto. Kitale kuna baridi, na jioni watoto hulizunguka jiko la makaa. Bungoma kuna joto zaidi, ila koroboi na mafiga hayako mbali na watoto vilevile.

Nchini Uingereza, kanuni za mwaka wa 1985 zinataka pajama na nguo za watoto wachanga zionyeshe kama zimepita kipimo cha kushika moto. Ambayo haikupita huandikwa "KEEP AWAY FROM FIRE", yaani iweke mbali na moto. Ukiyaona maneno hayo, usidhani ni mapambo ya Wazungu.

Marekani nayo, tangu miaka ya 1970, inataka nguo za kulalia za watoto ziwe za kitambaa kisichowaka upesi. Mwaka wa 1996 iliruhusu pia zile za pamba ya kawaida mradi zibane mwili, kwa kuwa nguo inayobana haina nafasi ya hewa ya kuchochea moto wala haipepei kuufikia. Lebo yake husema ivaliwe ikibana, na kwamba haizuii moto.

Hapa ndipo sisi hukosea. Mzazi wa Kitale au Bungoma hununua nguo kubwa kidogo ili mtoto akue nayo. Pajama ya pamba ya mtoto wa miaka sita ikivaliwa na wa miaka mitatu, inaning'inia mikononi na miguuni, na kinga yote iliyokusudiwa imekwisha. Kwa sweta au kaptura, nunua kubwa upendavyo. Kwa nguo ya kulalia ya pamba, nunua ya kipimo chake.

Je, poliesta au nailoni? Hizi haziwaki haraka kama pamba nyepesi, lakini huyeyuka na kugandamana na ngozi. Na ikiwa kitambaa kimetiwa dawa ya kuzuia moto, lebo hueleza kisifuliwe na nini. Ukiikata, hutajua kama sabuni yako au dawa ya kung'arisha inaimaliza dawa hiyo. Ikimkwaruza mtoto, ifumue polepole uishonee upande wa nje.

Nguo ikishika moto, mtoto asikimbie. Mlaze chini umbingirishe, au mfunike kwa blanketi zito la sufu au pamba. Kisha mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, huku ukimfunika kwingine asipate baridi. Vua nguo iliyolegea, lakini iliyogandamana na ngozi usiivute. Usipake dawa ya meno, siagi wala yai. Funika kidonda kwa kitambaa safi, umpeleke hospitalini mara moja, hasa akiwa ameungua usoni, mikononi au sehemu za siri.