Lami inayolainika juani: polima na udongo vinaweza kuziokoa barabara za Bujumbura?

BUJUMBURA. Mwenye mchele wa Uvira, mwenye mawese ya Rumonge na mwenye ndizi za Bugarama wote wanalipa gharama moja isiyoandikwa kwenye stakabadhi yoyote: barabara. Tairi likipasuka, springi ikivunjika au gari likichelewa hadi nyanya zikaoza, hasara huongezwa kwenye bei au hutoka mfukoni mwa mwenye mali. Kwa hiyo habari za lami si za wahandisi peke yao.

Njia kuu za biashara hukutana katika mji huu. RN4 hupita Gatumba hadi mpaka wa Kongo. RN5 hufuata bonde la Rusizi kuelekea Cibitoke. RN3 huambaa na ziwa hadi Rumonge na Nyanza-Lac, upande wa Tanzania. RN1 hupanda milima hadi Bugarama, kisha Kayanza na mpaka wa Rwanda.

RN1 ndiyo inayoonyesha tatizo vizuri zaidi. Ndani ya kilomita 35 hivi, lori hutoka kando ya ziwa, mita 780 hivi juu ya usawa wa bahari, na kufika zaidi ya mita 2,000. Hupanda polepole, mara nyingi waendesha baiskeli wakiwa wameshika mkia wake. Kadiri gari linavyokwenda taratibu, ndivyo uzito unavyokaa muda mrefu zaidi juu ya lami ileile.

Lami hulainikaje?

Lami ni masazo mazito yanayobaki baada ya mafuta ghafi kusafishwa. Kazi yake ni kuyashika mawe pamoja. Lami ya kawaida ya barabarani huanza kulainika ikifika nyuzijoto 50 hivi. Hewa ya Bujumbura mchana huwa karibu nyuzi 30, lakini uso mweusi wa barabara juani unaweza kupita 60. Hapo magurudumu huisukuma pembeni, na mifereji miwili hujitokeza kwenye njia ya matairi.

Miaka ikipita, hali hugeuka. Hewa na jua huikausha lami, nayo hupasuka. Mvua huingia kwenye nyufa, maji huyatenganisha mawe na lami, na shimo huanza.

Polima ndani ya lami

Dawa iliyozoeleka duniani ni polima iitwayo SBS, jamaa ya mpira unaotumika kwenye soli za viatu. Huchanganywa na lami ya moto wa karibu nyuzi 180, kwa kiasi cha asilimia 3 hadi 6 ya uzito wa lami. Ndani yake hujenga kitu kama wavu: lami haimwagiki upesi kwenye joto, na ikibonyezwa hurudi mahali pake.

Lakini ina kasoro. SBS ni nyepesi kuliko lami. Mchanganyiko ukikaa kwenye tangi la moto bila kukorogwa, polima hupanda juu kama mafuta juu ya mchuzi. Lami ya chini ya tangi ikitandazwa, mlipaji amelipia polima ambayo haipo barabarani. Kwa nchi isiyo na bahari jambo hili ni zito, maana lami husafiri mbali kabla ya kutumika. Hata kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013.

Udongo unaingia wapi?

Watafiti wameugeukia udongo wa aina ya bentonaiti. Ndani yake mna karatasi nyembamba sana za madini, kila moja ikiwa na unene wa nanomita 1 hivi, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Polima ikipenya kati ya karatasi hizo, mambo mawili hutokea. Kwanza, udongo ni mzito, kwa hiyo huifanya polima ikaribiane na uzito wa lami na isipande juu haraka. Pili, karatasi hizo huizuia hewa kupita moja kwa moja, na lami huchelewa kuzeeka.

Huu si udongo wa kuchota kando ya Rusizi. Ni lazima usafishwe na utiwe chumvi maalumu ili ukubali mafuta badala ya maji. Usipofanyiwa hivyo, huvimba ukilowa. Tena SBS ina miongo kadhaa barabarani, wakati sehemu kubwa ya matokeo ya udongo bado ni ya maabara.

Isichoweza kufanya

Lami bora haizuii maji. Rusizi ilipofurika Gatumba Aprili 2020, tatizo halikuwa aina ya lami. Barabara isiyo na mitaro huoza kuanzia chini.

Wala haifuti uzito uliozidi. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Majaribio ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara hukua kwa kasi kuliko uzito: ekseli ya tani 12 huumiza barabara karibu mara mbili ya ile ya tani 10. Mfanyabiashara anayeokoa nauli kwa kupakia kupita kiasi huilipa baadaye kwa matairi na springi, yeye na wenzake.

Maswali ya kuuliza

Barabara ikijengwa au kukarabatiwa, vyama vya wafanyabiashara vina haki ya kuuliza mambo matatu. Lami imepimwa ulaini wake kwenye joto? Kama ina polima, imejaribiwa kukaa kwenye moto kwa siku tatu, kisha sehemu ya juu na ya chini zikalinganishwa? Mitaro imo kwenye mkataba?

Hata macho tu yanasaidia. Mifereji ya matairi kwenye mlima huashiria lami laini au uzito uliozidi. Nyufa zilizosambaa kama ngozi ya mamba huashiria msingi uliochoka. Mashimo penye maji yaliyotuama huashiria mtaro uliokosekana. Kila ugonjwa una dawa yake, na polima na udongo ni dawa ya baadhi tu.