SOKO LA PICHA: Wachoraji wa Karagwe na Kyerwa wasiuze butura

Mkulima wa kahawa wilayani Karagwe au Kyerwa, Mkoa wa Kagera, hahitaji kuelezwa maana ya butura. Ni ile biashara ya kuuza kahawa ingali maua mtini kwa mlanguzi mwenye fedha taslimu, kwa sababu mtoto anadaiwa ada au mgonjwa yuko hospitali. Msimu ukifika, mzigo ni wa mlanguzi na tofauti yote ya bei ni yake. Serikali imepiga vita butura kwa miaka mingi. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba mchoraji wa picha asiye na mtaji huuza kwa mtindo huohuo.

Inavyofanyika ni hivi. Mchoraji ameishiwa rangi. Mfanyabiashara anamletea hadibodi, rangi na posho kidogo, kisha wanakubaliana bei ya picha kumi ambazo bado hazijachorwa. Mchoraji anashukuru, na kwa kweli amesaidiwa. Lakini aliopewa ni mkopo, na riba yake imefichwa ndani ya bei ya picha.

Tuchukue tarakimu za mfano. Picha moja ya sentimita 60 kwa 60 inahitaji hadibodi na fremu ya sh. 14,000/=, rangi ya sh. 9,000/=, na brashi, msasa na tapentaini vya sh. 3,000/=. Nauli ya kufuata vifaa Bukoba, ikigawanywa kwa idadi ya picha, iwe sh. 4,000/=. Jumla ni sh. 30,000/=. Mwenye kutoa vifaa hivyo akimwongezea mchoraji sh. 25,000/= kwa kila picha, atakuwa ametumia sh. 55,000/=. Akiuza kwa sh. 150,000/= anabaki na sh. 95,000/=. Mchoraji aliyekaa siku tatu juu ya picha hiyo amepata kama sh. 8,300/= kwa siku, na hapo hajala.

Hesabu ambayo wengi hawaifanyi

Chanzo cha hali hii ni kwamba wachoraji wengi hawana bei ya kwao. Wana shida ya siku hiyo, na shida ndiyo inayopanga bei. Picha ileile itauzwa sh. 100,000/= mwezi wa Agosti na sh. 30,000/= mwezi wa Januari shule zinapofunguliwa.

Bei huanza na gharama. Kwa mfano wetu vifaa na nauli ni sh. 30,000/=. Ujira wa siku tatu, kila siku sh. 15,000/=, ni sh. 45,000/=. Hapo tumefika sh. 75,000/=. Lakini si kila picha inauzwa. Nyingine hukwaruzwa njiani, nyingine hukaa ukutani miaka miwili. Ikiongezwa asilimia 20 kufidia hizo, yaani sh. 15,000/=, tunapata sh. 90,000/=. Hiyo ndiyo fedha inayotakiwa kufika mkononi mwa mchoraji. Bei ya kumtajia mteja ni nyingine.

Hapa ndipo penye kosa la gharama kubwa. Duka la sanaa, hoteli au dalali atataka kamisheni, na asilimia 40 si jambo la ajabu katika biashara hii. Mchoraji huchukua sh. 90,000/= zake, anaongeza asilimia 40, anapata sh. 126,000/=, na kuamini kwamba mambo yamekwenda sawa. Hayakwenda. Kamisheni hukatwa kwenye bei ya mauzo: asilimia 40 ya sh. 126,000/= ni sh. 50,400/=, naye anabaki na sh. 75,600/=. Fidia ya picha zisizouzwa imekwisha karibu yote. Hesabu sahihi ni kugawanya sh. 90,000/= kwa 0.6, na jibu ni sh. 150,000/=.

Bei hiyo ikishapangwa iwe moja, dukani na nyumbani. Mteja akiona picha kwenye nyumba ya wageni mjini Kayanga kwa sh. 150,000/=, akaulizia jina, akapanda bodaboda hadi kwa mchoraji na kuuziwa kwa sh. 90,000/=, mwenye nyumba atazisikia habari hizo kabla ya Ijumaa. Miji hii si mikubwa. Picha zitarudishwa na ukuta ule utakuwa umepotea. Mchoraji anapouza mwenyewe, ile sh. 60,000/= ya kamisheni ni malipo ya kazi ya kuuza, ambayo safari hii ameifanya yeye. Punguzo linaweza kutolewa, kama asilimia 10 kwa anayenunua zaidi ya picha moja, mradi pande zote mbili zimekubaliana kabla.

Kwa picha za vipimo tofauti, kuna njia rahisi inayotumiwa na wachoraji sehemu nyingi duniani: kujumlisha urefu na upana, kisha kuzidisha kwa bei ya sentimita moja. Picha yetu ya 60 kwa 60 ina jumla ya sentimita 120. Kwa sh. 1,250/= kila sentimita tunapata sh. 150,000/= zilezile. Picha ya 30 kwa 40 itakuwa sh. 87,500/=, na ya 90 kwa 120 itakuwa sh. 262,500/=. Anayepiga hesabu kwa eneo, kama anavyouza vitambaa, atajikuta picha ndogo imeshuka hadi sh. 50,000/= na kubwa imepanda hadi sh. 450,000/=. Picha ndogo haili robo ya muda wa kubwa, na mteja wa mfuko wa kawaida hatatoa sh. 450,000/= kwa sababu tu ubao ni mkubwa.

Kipimo hicho kinarahisisha pia kupandisha bei. Sh. 1,250/= zikiwa sh. 1,400/=, picha zote zinapanda kwa pamoja na hakuna anayeona ameonewa. Kupandisha mara moja kwa mwaka kunatosha, na kufanyike pale tu picha zinapokwisha haraka kuliko zinavyochorwa. Kushusha ni hatari zaidi, maana aliyenunua mwaka jana kwa bei kubwa hatarudi.

Wanaofanana na wasiofanana

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za baiskeli juu ya mbao za hadibodi, nyingi za sentimita 60 kwa 60. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wageni waliokuja kununua vyakula. Hakuwa na jumba la maonyesho. Alikuwa na mahali penye wateja wenye fedha, na mtindo ambao mtu aliutambua kutoka ng'ambo ya barabara. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Wanafunzi wake waliendeleza kazi, na mwaka 1990 chama cha ushirika cha wasanii wa Tingatinga kiliundwa.

Yaliyofuata ni somo la soko. Tembo na twiga wale wale walichorwa na mamia ya mikono, kutoka Dar es Salaam hadi Arusha na Zanzibar. Mtalii akikataa bei ya kibanda cha kwanza anajua kibanda cha kumi kina picha ileile. Bei ikaanguka. Wakati huohuo picha chache za Tingatinga mwenyewe zimeuzwa kwa maelfu ya dola minadani Ulaya, na wajanja wakajifunza kughushi saini yake.

Mchoraji wa Omurushaka au Nkwenda anayenakili tembo wa Dar es Salaam anaingia shindano ambalo hawezi kushinda. Nauli peke yake inamwangusha. Alicho nacho yeye ni ng'ombe wa pembe ndefu, msonge, migomba, rubisi, wanawake wakianika kahawa, ukungu wa asubuhi juu ya Mto Kagera. Sam Ntiro, Mchaga wa Machame, alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na picha hiyo ya mwaka 1956 iko katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Hakuna aliyemwambia pombe ya ndizi ni jambo dogo.

Mfano wa karibu zaidi uko ng'ambo ya Kagera. Katika Wilaya ya Kirehe nchini Rwanda, akina mama walifufua imigongo baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Ni michoro ya pembe na mistari inayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe juu ya ubao na kupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Malighafi haina thamani kubwa, kila mfugaji anayo. Kinachouzwa ni jina, na jina hilo leo linatajwa katika hoteli na maduka ya Kigali.

Karagwe haina upungufu wa historia ya kuuzia. James Grant, mwenzake Speke, aliyelazwa na kidonda cha mguu kwa miezi kadhaa katika ufalme wa Rumanyika mwaka 1861 na 1862, alichora huko, na michoro ya safari yake imehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Scotland. Mgeni mmoja mgonjwa aliona yanayofaa kuchorwa.

Wateja ni nani

Hapa inafaa kuwa wakweli. Karagwe si Arusha. Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa zilitangazwa mwaka 2019, na mchoraji asipange bajeti yake akisubiri mabasi ya watalii. Mteja aliyepo ni mwenyeji: familia inayotaka zawadi ya sendi-ofu, parokia, shule, ofisi ya ushirika, mwenye nyumba ya wageni, na wale wanaorudi Krismasi kutoka Dar es Salaam na Mwanza wakitaka kitu cha nyumbani cha kupeleka mjini. Huko Murongo, mpakani na Uganda, yupo pia mteja wa shilingi ya Uganda. Huyo atajiwe bei ya Tanzania na abadilishiwe kwa viwango vya siku hiyo.

Kutangaza si lazima kugharimu fedha nyingi. Picha ipigwe kwa simu kivulini mchana, iwe imenyooka, na chini yake paandikwe jina la kazi, vipimo, rangi iliyotumika, mwaka na bei. Anayeandika "bei maelewano" anaalika butura. Daftari lioneshe kila picha ilikoenda na nani aliinunua, kwa kuwa mnunuzi wa kwanza ndiye wa kuarifiwa kazi mpya zikitoka. Kwenye basi la Bukoba, picha mbili zisiwekwe uso kwa uso hata kama rangi inaonekana imekauka.

Picha zinazoachwa mali kauli kwenye hoteli au duka ziwe na karatasi iliyotiwa saini pande zote mbili: idadi, bei, kamisheni, siku ya kulipana, na nani anabeba hasara ikivunjika au kuibiwa. Bila karatasi hiyo, mchoraji amempamba mwenye hoteli bure.

Kwa mwenye mtaji

Mfanyabiashara anayetaka kuingia humu anaweza kupata faida bila butura. Atoe vifaa kama mkopo unaoandikwa, sh. 30,000/= kwa picha, urudishwe picha inapouzwa, naye achukue kamisheni yake. Katika mfano wetu ya asilimia 40 ni sh. 60,000/=. Ni pungufu ya zile sh. 95,000/=, lakini mchoraji aliyelipwa vizuri hatamtoroka akipata mlanguzi mwingine, na picha ya kumi haitachorwa kwa hasira na haraka.

Anayenunua ili auze baadaye kwa faida awe mwangalifu zaidi. Picha nyingi hazipandi bei kamwe, na hakuna soko la haraka la kuziuza tena Kagera. Mahali pa karibu ambapo bei za sanaa ya Afrika Mashariki zimekuwa zikionekana hadharani ni mnada wa Circle Art wa Nairobi, ulioanza mwaka 2013. Anunue anachoweza kuvumilia kukitazama miaka kumi, chenye saini, mwaka na stakabadhi.

Aidha, kununua picha si kununua haki ya kuichapa. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki hiyo hubaki kwa mchoraji mpaka aiuze kwa maandishi. Anayetaka kuiweka kwenye kalenda, fulana au pakiti ya kahawa alipe mara ya pili, na mchoraji ajue hivyo kabla hajaitikia.

Kahawa ya Kagera huvunwa zaidi kati ya Mei na Septemba, na Nane Nane ya Kyakairabwa, Bukoba, huangukia katikati ya msimu huo. Picha za kuuza wakati huo huchorwa kuanzia Januari, mwezi ambao mfuko uko mtupu na mlanguzi anapiga hodi.