Injini kubwa si faida kubwa: hesabu za boti za Karema na Ikola

MPANDA – Wafanyabiashara wanaopeleka mahindi na mchele Karema na Ikola ili uvushwe kwenda Kongo, pamoja na wanunuzi wa dagaa na migebuka, hutegemea maboti ya mbao ya Ziwa Tanganyika. Mengine huendeshwa kwa injini za dizeli zilizofungwa ndani. Mwenye boti akitaka kuongeza mbio, mara nyingi hutafuta mkopo au mbia wa kununua injini kubwa zaidi. Kabla ya kutoa fedha, mwekezaji mdogo afanye hesabu.

Boti zito la mizigo lina kikomo cha mwendo kinachotokana na urefu wake majini. Lenye futi 36 majini hugota kwenye maili 8 za majini kwa saa, yaani karibu kilometa 15. Likikaribia hapo, nguvu inayotakiwa hupanda kwa kasi kuliko mwendo wenyewe.

Tuchukue mfano. Boti hilo linakwenda maili 7 kwa saa kwa nguvu za farasi 30. Kulifikisha maili 8 kunahitaji nguvu 45 au zaidi. Injini ndogo ya dizeli ikifanya kazi nzito hula takriban lita 1 kwa saa kwa kila nguvu 5. Katika safari ya maili 70, injini ya zamani itatumia saa 10 na lita 60. Mpya itatumia saa 8 na dakika 45, na lita 79. Dakika 75 zimenunuliwa kwa lita 19 kila safari, mbali na marejesho ya mkopo. Kwa samaki wabichi huenda zikalipa. Kwa mahindi ni hasara. Injini ya nguvu 60 katika boti hilo hilo itaongeza uzito na gharama tu.

Zipo njia za bei nafuu zaidi. Kwanza, boti lipandishwe nchi kavu na kusuguliwa ukoga. Pili, fundi apime nozeli, kompresheni na vichujio vya dizeli. Tatu, likiwa na shehena kamili, mizunguko ya injini ilinganishwe na kiwango cha mtengenezaji. Isipofika, na injini ni nzima, pangaboi ni kubwa mno. Ikipita, pangaboi ni dogo. Kubadili pangaboi ni nafuu kuliko kubadili injini.

Injini ikiwa imechoka kweli, kuibadili kuna maana iwapo bodi ni zima. Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilitumia mvuke hadi miaka ya 1970 ilipofungwa injini za dizeli. Katika bajeti ziingizwe pia gia boksi, shafti, kitako cha injini, mfumo wa kupoza na ukaguzi wa TASAC. Injini ya lori huonekana rahisi, lakini gia boksi na rejeta yake havikutengenezwa kwa kazi ya majini.

Mwisho, tazama kalenda. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Mkopo wa boti linalotegemea samaki pekee upangwe ukijua kwamba miezi mitatu inaweza kupita bila mapato.