Mnara unauona lakini simu inakatika: Kinachotokea miteremko ya Kilimanjaro

Chukulia ni usiku Kibosho, mgonjwa amezidiwa, mwenye gari anapigiwa simu. Inakatika. Mnara unaonekana kabisa, taa yake nyekundu inawaka. Aliyeshika simu anasogea kidogo kuelekea mlangoni, sauti inarudi.

Wengi husema "mtandao unasumbua". Mara nyingi ni mawimbi mawili yanayofutana.

Wimbi la kwanza linatoka mnarani moja kwa moja. La pili limegonga paa la bati, ukuta au kingo za korongo, likadunda. Kwa kuwa chanzo ni kimoja, yote yanakwenda kwa mapigo yaleyale, kana kwamba kuna minara miwili iliyowashwa kwa pamoja. Kilele kikikutana na kilele, nguvu inaongezeka. Kilele kikikutana na bonde, yanafutana, na hapo panakuwa na shimo. Nguvu yenyewe haijapotea, imehamia pembeni.

Jambo hili si geni. Mwaka 1888 huko Karlsruhe, Ujerumani, Heinrich Hertz alisimamisha bati kubwa la zinki ukumbini, akatembea mbele yake na kitanzi cha waya chenye mwanya mdogo. Cheche kwenye mwanya zikazimika, zikawaka, zikazimika tena. Kwa umbali kati ya sehemu hizo alipima urefu wa wimbi la redio.

Hesabu yake ni ileile hadi leo. Redio ya FM ya megahezi 100 ina wimbi la mita 3. Mbele ya bati, shimo na sehemu yenye nguvu vinatengana kama sentimita 75. Ndiyo maana redio ya daladala ya Moshi kwenda Marangu hukwaruza kwa vipindi gari likitembea, na likisimama pabaya, wimbo unaishia hapo. Simu ya megahezi 900 ina wimbi la sentimita 33 tu, hivyo kutoka shimoni ni sentimita 8 hivi. Upana wa kiganja!

Intaneti ya 4G huumia kidogo zaidi, kwa sababu hutawanya ujumbe kwenye masafa mengi kwa wakati mmoja: machache yakifutika, mengine yanafika. Simu nyingi mpya pia zina antena zaidi ya moja, moja ikiwa shimoni nyingine iko nje.

Kwa hiyo kabla ya kukimbilia kwa fundi, sogeza simu polepole, kiganja kimoja kimoja, kisha hatua moja. Ukipata sehemu nzuri, weka spika na uiache simu palepale, maana hata mwili wako unayavuruga mawimbi. Ukitembea hatua kumi bila mabadiliko, hilo si shimo tena, ni kivuli: kuna mgongo wa kilima kati yako na mnara, na hapo hakuna ujanja, itabidi upande juu.